Mkono wa Kijana na Tarehe ya Kuzaliwa

Nilipokuwa mtoto huko Chiola, Nachingwea, msimu wa mahindi kazi yetu wavulana ilikuwa kufukuza ngedere kwa mawe. Mwenzetu mmoja hakuwa akikosa. Akisema atapiga tawi lile, basi ni lile.

Nimemkumbuka kwa sababu ya David Matoma, kijana wa Uganda aliyesajiliwa na klabu ya Pittsburgh Pirates ya Marekani, na ambaye mwaka 2024 alikuwa akirusha mpira katika timu yao ya daraja la chini huko Bradenton, Florida. Mchezo wenyewe ni besiboli. Mrushaji husimama mita 18 na ushei kutoka kwa mpigaji mwenye gongo, akavurumisha mpira wa gramu 145 hivi, na mpigaji ajaribu kuugonga.

Ligi ndogo ni ngazi ndefu, na wengi huishia katikati. Aliye chini kabisa alikuwa akilipwa dola 4,800 kwa mwaka, hadi mkataba wa mwaka 2023 ulipompandisha hadi dola 19,800. Mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufika ligi kuu, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, alifika tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na Pirates hao hao.

Lakini Waganda hawakuanza na Matoma. Mwaka 2011 watoto kutoka Kampala walishinda mashindano ya kanda huko Kutno, Poland, wakapata tiketi ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye kombe la dunia la watoto. Hawakwenda. Walinyimwa viza kwa sababu karatasi zao za umri na kuzaliwa hazikukubaliana. Timu ya Saudi Arabia waliyoishinda ndiyo iliyokwenda. Watoto wa Langley, Kanada, waliokuwa wacheze nao, walifunga safari Januari 2012 wakawafuata Uganda. Mwaka ule ule watoto wa Lugazi walishinda tena Kutno, na safari hii viza zikatoka: timu ya kwanza ya Afrika kucheza Williamsport. Waliwafunga Wamarekani wa Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Mimi habari ya viza inanichoma zaidi kuliko ya mabao. Nilianza shule kwa kupitisha mkono juu ya kichwa nishike sikio la upande wa pili. Mwalimu akakisia mwaka, akauandika. Mama alikuwa na mwaka wake, na kadi ya kliniki ilikuwa na mwingine. Nikiwa na stashahada yangu mkononi, nilikosa safari moja ya mafunzo kwa ajili ya miaka hiyo mitatu. Hapakuwa na aliyesema uongo hapo, jamani.

Mpango wa kuwapa vyeti watoto wa chini ya miaka mitano karibu na nyumbani ulianzia Mbeya mwaka 2013, na baadaye ukafika mkoani kwetu Lindi.

Mwenzetu mwenye shabaha bado yuko Chiola, analima ufuta. Nilipokwenda likizo aliniomba nimjazie fomu ya kitindamimba wake. Penye tarehe nikamwuliza, nikitarajia akune kichwa. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya mlango wa chumba chake. Alikuwa ameiandika kwa mkaa, siku, mwezi na mwaka, na saa pia.