Jiwe Chini ya Gurudumu: Historia Fupi ya Kuwasha Dizeli Karagwe

Nilikuwa Karagwe na Kyerwa wiki mbili kwa kazi ya gazeti. Stori niliyotumwa ilikuwa ya bei ya kahawa na imeshatoka, kwa hiyo siirudii. Hii hapa ni ile iliyobaki kwenye notibuku.

Inaanzia Nkwenda, saa 11 alfajiri, giza bado totoro na ukungu umelala kwenye migomba. Nimepewa lifti kwenye Fuso iliyojaa ndizi. Naona lori limeegeshwa ajabu: pua inatazama bondeni, na chini ya gurudumu la nyuma kuna jiwe ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Dereva anazungusha ufunguo. Starta inanguruma mara mbili kisha inatoa ule mlio wa tik-tik-tik unaojulikana na kila mtu aliyewahi kumiliki betri ya kuazima. Anaweka gia ya pili, anakanyaga klachi, anatoa kichwa dirishani: "Toa!" Utingo, kijana wa miaka kama 19, anavuta jiwe na kuruka pembeni. Lori linaanza kushuka kimya kimya, hakuna sauti ila magurudumu kwenye kokoto. Halafu klachi inaachiwa, lori linashtuka, linakohoa moshi mweupe, linawaka. Utingo analikimbilia na kudandia.

Mimi nilikuwa na sweta mbili. Nikauliza kama ni baridi. Dereva akanitazama kama mtu wa Dar (na kweli natokea Dar), akasema, "Gari la baridi hili. Linataka kupashwa."

Nikaanza kuchimba. Ndugu msomaji, ukisoma kwenye mtandao kuhusu injini ya dizeli na baridi, karibu kila kitu kinakupeleka Marekani ya kaskazini, Kanada na Skandinavia. Kule kuna kifaa kinaitwa hita ya bloku. Ni waya wa umeme unaoingizwa kwenye mwili wa injini na kupasha maji yanayozunguka ndani. Unachomeka gari ukutani kama unavyochomeka simu, na baada ya saa mbili au nne injini inawaka kana kwamba haijalala nje. Mmoja wa waliokibuni ni Andrew Freeman wa Grand Forks, North Dakota, aliyepewa hataza mwaka 1949. Kwa miji ya kule, soketi kwenye maegesho ni kitu cha kawaida kama bomba la maji.

Kwa nini dizeli hasa? Injini ya petroli ina plagi ya kutoa cheche. Dizeli haina. Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri kwa mara ya kwanza Augsburg mwaka 1897, alitegemea jambo moja tu: hewa ukiibana sana inapata moto. Pampu ya baiskeli ukiifanyia kazi kwa nguvu inachemka mkononi, ni kitu kilekile. Ndani ya silinda hewa inabanwa mpaka inapita nyuzi 500, mafuta yananyunyizwa, yanajilipukia yenyewe. Sasa chuma kikiwa cha baridi kinanyonya lile joto kabla mafuta hayajashika. Oili nayo imekuwa nzito kama asali, betri imelegea, starta inazungusha polepole, na hewa inayobanwa polepole haipati joto la kutosha. Ndiyo maana Wajerumani waliokwama Urusi majira ya baridi ya mwaka 1941 walikuwa wakiwasha moto chini ya magari yao.

Lakini Karagwe si Urusi! Kayanga iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ya Juni au Julai inaweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14. Kwa mtu wa Grand Forks hiyo ni hali ya kuvaa fulana. Injini nzima ya dizeli, yenye betri nzima, inawaka kwa nyuzi 13 bila kulalamika.

Basi tatizo liko wapi? Fundi mmoja wa gereji ya Omurushaka alinijibu kwa kunionyesha ringi za pistoni alizotoa kwenye injini siku hiyo. Zilikuwa nyembamba kama pete za harusi. Ringi zikiisha, hewa inavuja pembeni wakati wa kubanwa. Ongeza mwinuko, ambako hewa yenyewe ni haba. Ongeza hita plagi zilizokufa na hazijabadilishwa, na nozeli zinazodondosha mafuta badala ya kunyunyiza. Injini ya namna hiyo, nyuzi 13 zinatosha kuiua.

Hapo ndipo historia yenyewe ilipo. Malori ya mwanzo mkoani humu yalikuwa mengi ya petroli, ya kuzungusha kwa hendeli mbele. Dizeli ilitawala baadaye. Miaka ya 1970 na 1980 tulikuwa hata na kiwanda chetu Kibaha, TAMCO, kilichounganisha Scania. Nacheka kidogo nikifikiria hilo: lori lililobuniwa Södertälje, Sweden, nchi ambayo magari yake yanalala yakiwa yamechomekwa ukutani, linakuja kupanda milima ya Karagwe ambako wakati huo soketi za kuchomekea hazikuwepo.

Na kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Julai 1975 barafu iliua mikahawa ya Paraná kule Brazil, bei ya dunia ikapaa, na kahawa ya huku ikawa dhahabu. (Baridi ya wengine ilitulisha sisi, mtaniwia radhi.) Kisha mambo yakafuatana. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka ardhi ya kaskazini ya mto Kagera; daraja la Kyaka likalipuliwa. Jeshi letu halikuwa na magari ya kutosha, malori na mabasi ya raia yakachukuliwa kupeleka askari na mizigo mbele. Kampala iliangushwa Aprili 1979. Malori yaliyorudi, yalirudi yamechoka.

Yalipochoka hapakuwa na dawa. Miaka ya mwanzo ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni. Betri, tairi, ringi, vyote vilikuwa vya kusubiri kibali au kutafuta kwa mlango wa nyuma. Waliokua wakati huo wanakumbuka foleni za sabuni. Ringi za pistoni hazikuwa na hata foleni.

Mzee mmoja wa Kayanga aliniambia walivyokuwa wanafanya. Alianza utingo mwaka 1981. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasogeza kiti kwa shida maana mguu wake wa kulia haukunji vizuri.

"Mwanangu, utingo ndiye alikuwa hita," akasema.

Aliamka saa tisa usiku. Jioni walikuwa wamemwaga maji ya rejeta kwenye debe. Yeye anayachemsha kwa kuni, anayarudisha yakiwa moto, ili bloku ipate joto kwa ndani. Ukilitazama vizuri ni wazo lilelile la Freeman, tofauti ni kwamba umeme ni mtu. (Kwa mwinuko ule maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, lakini yanatosha.) Likiwa gumu zaidi wanaingiza karai la makaa chini ya sampu kulainisha oili. Anasema walikuwa wanafagia majani kwanza na kuangalia kama kuna mvuto wa dizeli, na kwamba si wote waliokuwa wanaangalia.

Ndipo linakuja jiwe. Na hapa kuna kitu sikukielewa mpaka aliponieleza. Malori mengi ya zamani breki zake zilitegemea upepo unaotengenezwa na injini. Usiku kucha upepo unavuja. Kwa hiyo asubuhi lori lenye tani saba za kahawa linaachiwa mlimani likiwa halina injini na halina breki. Likiwaka, sawa. Lisipowaka, dereva ana handibreki na Mungu, na utingo anakimbia pembeni na jiwe lake kutafuta nafasi ya kulirusha tena chini ya gurudumu.

Siku yake haikuwaka. Alirusha jiwe, likateleza kwenye tope, gurudumu likapanda juu ya mguu. Mwenye lori alilipa nauli ya hospitali, mambo yakaishia hapo. Jina lake halikuandikwa popote.

Waandishi tuna tabia ya kuja Karagwe kuandika kuhusu mfalme Rumanyika na Speke aliyefika kwake mwaka 1861, au kuhusu wahunzi wa kale wa Kagera. Mwaka 1978, mwaka uleule wa vita, Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba tanuru za Buhaya zilipasha hewa kabla haijaufikia moto. Nami naipenda habari hiyo. Lakini upashaji wa mwaka 1981 bado una mashahidi walio hai, na hakuna anayewauliza.

Baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa kuanzia mwaka 1984, Fuso na Isuzu zilizotumika Japan zikaja, zina hita plagi na taa ndogo ya kukwambia subiri. Kyerwa imekatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lami imefika kutoka Kyaka, umeme upo mpaka Nkwenda. Ile Fuso niliyopanda ina taa hiyo pia. Dereva alisema haijawaka tangu ainunue.

Tulipofika Kayanga alisimama kunywa chai. Akatafuta mteremko kwanza. Utingo alishuka kabla lori halijatulia, jiwe mkononi.