Karanga za Kongwa: Ardhi Tupu Iliyomeza Pauni Milioni 36

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa mshindi asiye na mafuta ya kupikia. Siagi na majarini ziligawiwa kwa kadi, na fedha za kigeni za kununulia mafuta nje zilikuwa haba. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliipelekea serikali wazo la kulima karanga kwa mashine katika makoloni ya Afrika. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache, mara nyingi kwa ndege, ukarudi na hesabu nono: mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, 80 kati yake yakiwa Tanganyika na mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaukumbatia mpango huo.

Tanganyika yalichaguliwa maeneo matatu: Urambo upande wa magharibi, Nachingwea kusini, na Kongwa katika nchi ya Wagogo, ambako kazi ilianza mwaka 1947. Kongwa iliwavutia wapangaji kwa sababu ilionekana tupu. Watu walikuwa wachache, na wa kuhamishwa wachache zaidi. Kosa lililozaa mengine yote lilikuwa hapo. Wagogo waliijua nchi yao kuwa ya mvua za kubahatisha na maji ya shida. Walipanda mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukame, na akiba yao wakaiweka kwenye mifugo, ambayo huweza kuswagwa kufuata malisho. Uchache wao katika nyika ile ulikuwa kumbukumbu ya mvua iliyoandikwa kwa vizazi. Wageni waliisoma kama nafasi iliyo wazi.

Nyika ikajibu. Matrekta na mabuldoza yaliyonunuliwa kwenye mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino yalifika yamechoka, na mengi yakaharibika katika miezi ya kwanza. Kiwanda cha Vickers kiligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, navyo havikufua dafu. Vichaka viliangushwa kwa mnyororo mzito uliovutwa na mabuldoza mawili, lakini mizizi ilibaki chini ikivunja majembe. Mibuyu ilikuwa kazi nyingine, kwani baadhi ilikuwa na mizinga ya nyuki ndani ya mashina yake yenye mapango. Maji ya wafanyakazi yalisombwa kutoka mbali, bei za vyakula zikapanda, na mwaka huohuo wa 1947 vibarua wa Kongwa waligoma wakidai ujira bora.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Hata pale mbegu zilipoota, udongo ulikuwa na neno lake. Ua la karanga likishachavushwa hushusha kikonyo ardhini, na karanga hukomaa humo. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa, ukinyeshewa kisha ukapigwa na jua, hukauka ukawa mgumu kama tofali, na zao likafungiwa ndani. Shirika la Chakula cha Ng'ambo, lililoundwa mwaka 1948 kuchukua kazi hiyo, lilijaribu alizeti. Ukame wa 1949 ukaiunguza. Mwisho wa yote, karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko zilizonunuliwa kwa mbegu. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango pamoja na deni la pauni milioni 36.

Haikuwa hasara tupu. Mtwara ilipata bandari ya kina kirefu, ambayo leo hupitisha korosho, ingawa reli ya kwenda Nachingwea ilikosa mzigo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kongwa yenyewe ikawa na ranchi ya taifa, ng'ombe wakilishwa palepale palipong'olewa vichaka. Pamoja na fedha zote zile, matumizi yaliyodumu ni ufugaji, kazi ambayo Wagogo walikuwa wakiifanya kabla trekta la kwanza halijashushwa. Shamba la majaribio la misimu miwili mitatu, na masikio ya kuwasikiliza wenyeji, yangeonyesha hayo kwa gharama ndogo. Lakini London ilikuwa na njaa ya mafuta, na mwenye haraka huona nchi isiyo na watu akadhani haijawahi kujaribiwa.