Mnato wa Oili Kwenye Injini Yenye Tabo

Ulizia oili ya Subaru Forester yenye tabo katika gereji za Dar es Salaam au Nairobi, na fundi atataka kujua kwanza kama unataka nzito au nyepesi. Lugha hiyo imewapotosha wenye magari wengi, kwa sababu kizito husikika kama imara. Uzito hupimwa kwa mizani. Kinachotofautisha oili na oili ni jinsi inavyokaidi kutiririka, na sifa hiyo kwa Kiswahili cha fizikia ni mnato. Mafuta ya kupikia huelea juu ya maji, yaani ni mepesi kuliko maji kwa ujazo uleule. Yamimine, utaona maji ndiyo yanayokimbia.

Wapo wanaolilaumu neno hili kwa kuwa limetokana na kunata: gundi hunata, oili huteleza. Lawama hiyo inajibika. Kinachonata hapa ni tabaka za oili zenyewe, zinazong'ang'aniana zinapopitana, na ndani ya tabo kung'ang'aniana huko ndiko kunakoiokoa shafti.

Shafti ya tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku upande mmoja ukipigwa na moshi wa injini ambao kwa petroli hukaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi. Katika tabo nyingi haishikwi na gololi. Inaelea kwenye bushi, ndani ya utando mwembamba wa oili. Mnato ukipungua mno utando hukatika na chuma hugusa chuma. Ukizidi, oili huchelewa kufika gari linapowashwa, na bushi huzunguka kavu.

Namba za kwenye dumu ni za mfumo wa SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzia Marekani. Katika 5W-30, herufi W huwakilisha majira ya baridi, na 5 hueleza tabia ya oili ikiwa baridi: namba ikipungua, oili huwahi zaidi. Namba 30 ni daraja la mnato kwenye nyuzi 100: kuanzia sentistoki 9.3 hadi chini ya 12.5. Daraja la 40 huanzia 12.5 na kuishia chini ya 16.3. Kwa hiyo 5W-40 na 15W-40 ni za daraja moja injini ikishapata moto, zinaachana asubuhi. Mkazi wa Dar asidhani W ni habari za nchi za theluji. Kwa injini inayofanya kazi karibu na nyuzi 100, hata nyuzi 25 ni baridi, na mnato wa oili hapo ni kama mara kumi ya ule wa safarini.

Lipo jambo ambalo namba hizo hazisemi, na kwa mwenye tabo ndilo kubwa. Mnato hupimwa pia kwenye nyuzi 150, oili ikibanwa na kuvutwa kwa kasi, kama inavyoteswa ndani ya beringi. Oili ya 5W-30 inaruhusiwa kuwa na milipaskali-sekunde 2.9 tu katika kipimo hicho, ilhali kiwango cha ACEA C3 cha Ulaya hudai angalau 3.5. Madumu mawili yameandikwa 5W-30, na moja linaacha utando mnene kuliko jingine. Kitabu cha gari kikitaja C3, isome lebo ya nyuma ya dumu uione C3 yenyewe kabla ya kulipa.