Okidi za Uha na Umri wa Nyasi

Nyanda za juu za Uha, kuanzia Kabanga na Heru Juu upande wa Kasulu hadi Kibondo, zina vilima vingi visivyo na miti, nyasi tupu tangu bondeni hadi kileleni. Kwa muda mrefu vilima hivyo vimesimuliwa kama kidonda. Inasemwa kwamba hapo zamani palikuwa na msitu, Waha wakaukata kwa ajili ya mashamba na makaa ya kuyeyushia chuma, wakachoma moto kila kiangazi, na nyasi ndizo masalia ya uharibifu huo. Masimulizi hayo yana ukweli ndani yake, lakini yamekubaliwa upesi mno. Hoja yangu ni kwamba sehemu ya nyasi za Uha ni kongwe kuliko jembe, na ushahidi wake umefichwa ardhini, kwenye viazi vya maua ambayo wapita njia huyaona wiki chache tu kwa mwaka.

Maua hayo ni okidi za ardhini, za jenasi kama Habenaria, Satyrium, Disa na Eulophia, ambazo wanamimea wameziorodhesha magharibi mwa Tanzania katika vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki vilivyochapishwa kati ya mwaka 1952 na 2012. Tofauti na ndugu zao wanaoning'inia juu ya miti, hizi huishi nyasini, na kila kitu katika maumbile yao kinaonyesha mmea uliozoea mahali palipo wazi. Satyrium, kwa mfano, huwa na viazi viwili: kimoja kinasinyaa kwa kulilisha ua la mwaka huu, na kingine, kichanga, kinajaa akiba ya mwaka ujao. Kiangazi kinapofika majani yote hukauka, na moto ukipita juu hauna cha kuunguza. Baadhi ya Eulophia hutoa ua mara tu mvua za kwanza zinapogusa ardhi iliyoungua, hata kabla ya kuota majani. Mbegu zao ni kama vumbi, hazina chakula chochote ndani, na hazioti mpaka zikutane udongoni na kuvu wa kuzilisha. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni safari ya miaka. Jembe likipita mara moja hukata viazi na kuvuruga kuvu hao kwa pamoja, na ndiyo maana nyasi zinazoota kwenye shamba lililoachwa hufunika udongo upesi, lakini maua yake ya kudumu huchelewa kurudi kwa miongo mingi.

Mtu makini atauliza: ikiwa mbegu ni vumbi, si upepo unaweza kuzipeleka kwenye nyasi mpya pia? Unaweza, na kwa sababu hiyo okidi peke yake haitoshi kuthibitisha umri wa mahali. Lazima isomwe pamoja na majirani zake. Mwaka 1976 mwanamimea Frank White aliandika kuhusu mimea ya savana za ukanda wa Zambezi ambayo aliiita misitu ya chini ya ardhi: miti iliyogeuza desturi yake, ikaweka shina na matawi udongoni na kuacha machipukizi mafupi tu juu. Jamii ya mbura, ambayo wengi wanaijua kama mti mkubwa wa matunda, ina ndugu wa namna hiyo asiyezidi kimo cha goti. Mwaka 2014 watafiti walipima kwa vinasaba umri wa mimea ya aina hii wakaona kwamba ilianza kujitenga na ndugu zake warefu mamilioni ya miaka iliyopita, kabla ya mkulima yeyote. Mti haujizoeshi kuishi chini ya udongo kwa sababu ya mashoka ya vizazi vichache.

Ushahidi mwingine uko jirani kabisa. Katika kinamasi cha Kashiru, kwenye milima ya Burundi, mtafiti Raymonde Bonnefille na mwenzake walisoma chavua zilizozikwa kwenye tope kwa takriban miaka 40,000, wakachapisha matokeo mwaka 1988. Wakati wa baridi kali ya miaka kama 20,000 iliyopita, milima hiyo ilitawaliwa na nyasi, na misitu ilitanda baadaye hali ya hewa ilipopata joto na unyevu. Kashiru iko juu kuliko Kasulu, kwa hiyo siwezi kuhamisha matokeo yake neno kwa neno. Na inanilazimu kukiri jambo: ziko nyasi changa pia, zilizoota mahali pa msitu uliokatwa na watu. Lakini anayesema kwamba asili ya nyanda hizi zote ni msitu, na kwamba nyasi ni mgeni, Kashiru inamkatalia.

Pingamizi zito zaidi linahusu moto. Ikiwa nyasi hubaki wazi kwa sababu watu huzichoma na ng'ombe huzila, je, si kazi ya watu? Historia ya Uha inajibu vizuri kuliko nadharia. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe kote Afrika Mashariki. Malisho yakakosa wa kuyala, vichaka vikapanda, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o. Malale yalipoenea, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu katika miaka ya 1930 na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, Kibondo ikiwa miongoni mwa sehemu hizo, na ardhi waliyoiacha ikazidi kumezwa na pori. Mtafiti Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alionyesha kwamba kabla ya ukoloni wakulima na wafugaji ndio waliolizuia pori hilo. Kisha Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ikawahamisha tena watu na kuwapanga vijijini. Kila mara mchungaji alipoondolewa, kichaka kilisonga mbele. Kwa hiyo mkono wa Muha umekuwa mlinzi wa nyasi angalau sawa na ulivyokuwa shoka la msitu. Wala hakuanzisha kazi hiyo: radi za mwanzo wa mvua na makundi ya wanyama pori viliifanya kabla yake, naye aliirithi.

Simaanishi kwamba kila moto ni mwema. Ukiwashwa okidi zimeshachipua hukata ua na mbegu ya mwaka. Wala hatari si moto peke yake. Nyanda za Juu Kusini zimekwisha kuona yanayotokea soko likigundua viazi hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vya okidi vinavyofikia milioni nne kwa mwaka vilivushwa kwenda Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda, na hilo lilikuwa moja ya sababu za Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Kasulu na Kibondo hatari ya sasa inakuja na nia njema. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, na ya Nduta ilipojaa tena Warundi kuanzia mwaka 2015, kuni zimechukuliwa porini kwa wingi, na upandaji miti umekuwa wajibu usiobishaniwa. Miti ipandwe, tena mingi, pale ambapo visiki vya miombo bado vinaonekana. Lakini kilima cha nyasi kisichukuliwe kuwa kiwanja kitupu kinachosubiri mikaratusi. Wanaopanga upandaji wakikague kwanza mvua za kwanza zinapoanguka, wakiongozana na wazee wanaokumbuka malisho yalikuwa wapi, na mahali okidi zinapochanua, miche ipelekwe kwingine.