Gari yako ikivutwa, uliza kwanza: kwa sheria gani?

1/ Kila msimu wa kampeni utasikia hii: "Mkituchagua, kanjo hawatavuta magari yenu tena!" Makofi. Mimi yangu ilipovutwa nilikimbia yadi nikauliza tu, "Ni pesa ngapi?" Nikalipa, nikaondoka. Kumbe hilo lilikuwa swali la pili.

2/ Turudi nyuma. Sheria ya Trafiki ni ya 1953, enzi za mkoloni. Ndiyo inawapa polisi uwezo wa kuondoa gari linaloziba barabara. Uhuru ulikuja, sheria ikabaki. Imerekebishwa mara nyingi, lakini ni ile ile.

3/ Kando ya polisi kulikuwa na mabaraza ya miji. Haya yalitunga sheria ndogo za maegesho, na waziri akaziidhinisha. Askari wao ndio mtaa uliwabandika jina "kanjo".

4/ Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ikazipa kaunti kazi ya trafiki na maegesho. Machi 2013 mabaraza yakafa, kaunti 47 zikaanza. Jina kanjo halikufa. Mwaka huo huo Nairobi ikapandisha ada ya kuegesha kutoka shilingi 140 hadi 300 kwa siku. Kelele zikafika mahakamani.

5/ Katiba hiyo hiyo ilikupa wewe pia kitu. Kifungu cha 40 kinalinda mali yako. Cha 47 kinataka hatua ya ofisi ya umma iwe halali na ya haki, na haki yako ikiguswa, upewe sababu kwa maandishi. Na ada? Kaunti huziandika katika sheria yake ya fedha, inayopitishwa na MCA wako.

6/ Kwa hivyo pale yadi, kabla ya "ngapi", uliza: Nani aliamuru? Kwa kifungu gani? Ada imeandikwa wapi? Piga gari picha. Dai risiti.

7/ Sisemi magari yasivutwe. Ambulensi ikikwama nyuma ya gari lililoachwa njiani, ni mgonjwa anaumia. Lakini mgombea akiahidi kumaliza hii kitu, muulize atabadilisha sheria ipi. Ugavana hauwezi kugusa Sheria ya Trafiki, hiyo ni ya Bunge. Na polisi si wa kaunti. Asipojua hilo, hizo makofi weka kwanza.