Ndoa Moja, Majibu Mawili: Sababu za Kimaumbile Zinazoathiri Uambukizaji wa VVU

Katika vijiji na machimbo ya ukanda wa dhahabu, kuanzia Geita hadi Segese wilayani Kahama, hutokea mume na mke wakapima afya, mmoja akakutwa na Virusi vya UKIMWI (VVU) na mwenzake asiwe navyo. Wengine hulitilia shaka jibu la maabara, wengine hudai ni kurogwa, na wengine huamini kwamba asiye na virusi ana damu isiyoambukizika. Tunapenda kuwafahamisha waamini kwamba hali hii inajulikana vema katika tiba. VVU haviambukizwi katika kila tendo la ndoa. Uwezekano huo hupanda na kushuka kwa sababu zifuatazo.

Wingi wa virusi katika damu. Hii ndiyo sababu kuu. Huko Rakai, Uganda, wenzi 415 wenye majibu tofauti walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Hapakuwa na maambukizi pale ambapo aliyeambukizwa alikuwa na virusi chini ya 1,500 katika mililita moja ya damu. Kadiri vilivyozidi, maambukizi nayo yaliongezeka. Virusi huwa vingi mno katika majuma ya kwanza, wakati kipimo huenda bado hakivioni, na tena ugonjwa unapokomaa bila tiba.

Magonjwa mengine ya zinaa. Vidonda vya kaswende au malengelenge huvifungulia virusi njia, na uvimbe hukusanya chembe za kinga ambazo VVU huzishambulia. Utafiti wa mkoani Mwanza, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa hayo katika vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya kwa takriban asilimia 40.

Maumbile ya mwili. Ngozi ya ndani ya govi hupokea virusi kwa urahisi. Majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai yalionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari kwa asilimia 50 hadi 60. Hata hivyo haimkingi kabisa, wala haimkingi moja kwa moja mke ambaye mumewe tayari ana virusi. Kwa mwanamke, hatari huongezeka wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua.

Dawa za kufubaza virusi. Anayezimeza kila siku hadi virusi visionekane tena katika kipimo, na akadumu hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Akiziacha, virusi hurudi. Kwa hiyo anayeacha dawa kwa sababu ameombewa anahatarisha uhai wake na wa mwenzake. Sala na dawa havigombani.

Basi jibu la mmoja si jibu la mwenzake: kila mmoja apime, na asiye na virusi arudie kupima kadiri atakavyoelekezwa, kwa maana hana kinga ya kudumu. Vilevile, kipimo hakisemi ni nani aliyekosa uaminifu, wala maambukizi yaliingia lini. Mtu aweza kuishi na VVU miaka mingi bila kujua, hata tangu kabla ya ndoa. Tunawasihi wanandoa wasihukumiane mlangoni pa kliniki. Waingie pamoja, wapokee ushauri pamoja, na aliyeambukizwa aanze dawa mapema, ili ahadi ya kupendana katika afya na ugonjwa ilinde uhai wa wote wawili.