Deni Lililotangulia Sukari

Mwezi Novemba 1974 bei ya sukari ghafi katika soko la New York ilipita senti 65 za dola kwa ratili. Kabla ya miaka mitatu kwisha ilikuwa imeshuka chini ya senti 10, na mwaka 1985 ilifika chini ya senti 3. Tarehe hizi hazina budi kusomwa sambamba na tarehe za viwanda vya serikali magharibi mwa Kenya. Nzoia, pale Bukembe karibu na Bungoma, iliandikishwa kuwa kampuni mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978. Sony ya Awendo ilifuata mwaka 1979. Vilipangwa wakati dunia nzima ikilia uhaba wa sukari, vikawasha moto wa boila wakati sukari imejaa sokoni. Leo mtu akitaja madeni ya viwanda hivi, msikilizaji hukimbilia kutaja wizi, wakurugenzi walioteuliwa kisiasa na magunia ya magendo. Yote hayo yalikuwepo. Lakini mbegu ya deni ilipandwa mapema zaidi, siku mikataba ya mikopo ilipotiwa sahihi, na hata meneja mwadilifu kuliko wote asingeweza kuling'oa peke yake.

Tuanze na namna kiwanda kilivyonunuliwa. Nchi changa iliyotaka kiwanda cha sukari katika miaka ya sabini haikuwa na fedha za kigeni za kununulia mitambo ya kukamulia, boila na jenereta. Muuzaji wa mitambo alijua hivyo, kwa hiyo mara nyingi alikuja na mkopo mkononi, ukiwa umekatiwa bima na serikali ya kwao ili viwanda vyao vipate kazi. Mitambo ya Nzoia ilitoka kwa Fives-Cail Babcock ya Ufaransa. Kampuni hiyo ilipewa hisa pia, na wapo wanaotumia jambo hili kuonyesha kwamba muuzaji naye aliweka rehani mali yake. Hisa zenyewe zilikuwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Hazina ya Kenya ilibeba karibu asilimia 98. Muuzaji wa mitambo hupata faida yake siku anayokabidhi mitambo. Iwapo miwa itaota au haitaota, hilo linamhusu mwenye asilimia 98.

Kisha kuna suala la sarafu, ambalo halipewi uzito wake. Sukari ya Nzoia na ya Sony iliuzwa ndani ya nchi, kwa shilingi, tena kwa bei iliyopangwa na serikali, ambayo haikutaka mwananchi wa mjini alalamikie chai yake. Deni la nje lililipwa kwa sarafu ya wakopeshaji. Mwaka 1978 dola moja ilipatikana kwa takriban shilingi 8. Mwaka 1993 wastani wake ulikuwa karibu shilingi 58. Kiwanda ambacho hakikukopa hata senti moja zaidi katika kipindi hicho, kikiwa na deni la dola, kilijikuta kinahitaji shilingi mara saba kulipa deni lile lile. Hakuna shamba la miwa linaloongeza mavuno mara saba.

Hapo ndipo dhamana ya serikali ilipoingia, na ndipo hesabu zilipoanza kuvurugika. Kwa kawaida Hazina ilikopa nje, kisha ikakikopesha kiwanda kwa masharti yake yenyewe, au ilisimama mdhamini. Kiwanda kiliposhindwa, mkopeshaji wa nje alilipwa na Hazina, na jina la kiwanda likahamishiwa daftari la wadaiwa wa serikali. Riba ikaendelea kuhesabiwa, na juu ya riba faini ya kuchelewa. Ndiyo maana madeni haya yalivimba hata baada ya mikopo mipya kukoma. Sehemu kubwa ya takwimu zilizotajwa bungeni ilikuwa serikali ikijidai yenyewe, kwa kuwa mdai na mwenye kiwanda walikuwa mtu yule yule. Aliyekuwa nje ya mzunguko huo, na ambaye hakuwa na mdhamini, alikuwa mkulima. Muwa wake ulikaa shambani miezi 18 hadi 24. Gharama za kulima, mbegu, mbolea na usafiri zilikatwa kwanza, na kilichobaki kilisubiri mpaka kiwanda kiwe na fedha. Benki ya Ulaya ililipwa kwa tarehe, yeye alilipwa kwa ahadi.

Hoja nzito dhidi yangu ni kampuni ya sukari ya Mumias. Nayo ilijengwa kwa mtaji wa nje, nayo ilikuwa ya serikali kwa sehemu kubwa, lakini kwa miaka mingi ilistawi, hata mwaka 2001 ikauza hisa zake katika Soko la Hisa la Nairobi. Je, si ushahidi kwamba mkopo hauna kosa, kosa ni la uendeshaji? Nakubali nusu ya hoja hiyo. Lakini Mumias ilianza kusaga mwaka 1973, maana yake mitambo yake iliagizwa kabla mafuta hayajapandisha bei ya kila kitu. Pia Booker McConnell, waliopewa kuiendesha, walikuwa wameanza na shamba la majaribio miaka kadhaa kabla ya kiwanda kujengwa, na shirika la maendeleo la Uingereza, CDC, liliingia kama mwenye hisa na si mkopeshaji tu. Aliyetoa fedha alikuwa na sababu ya kuuliza miwa itatoka wapi. Mumias kuanguka baadaye, hadi kuwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019, ni kisa kingine, na hicho kweli ni cha uendeshaji.

Wengine husema bila mikopo ile kusingekuwa na kiwanda chochote, na Kenya ingebaki kuagiza sukari. Kweli, kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini nchi ilijitosheleza kwa muda, na barabara, shule na maelfu ya familia vilifuata miwa. Sidai viwanda visingejengwa. Nadai kwamba hasara ya bei na ya sarafu iliwekwa yote upande mmoja, na aliyebebeshwa hakuambiwa. Kakira na Lugazi nchini Uganda vilianzishwa na familia za Madhvani na Mehta kwa fedha zao, vikakua polepole kadiri faida ilivyoruhusu. Serikali iliyotaka kiwanda kizima kwa mkupuo mmoja ilinunua haraka hiyo kwa bei kubwa.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilitangaza kufuta takriban shilingi bilioni 117 za viwanda vyake vya sukari, na Bunge likaridhia. Haikuwa mara ya kwanza kuahidi hivyo. Mei 2025 Nzoia, Sony, Chemelil na Muhoroni vilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Waliovikodi walipokea viwanda bila ule mzigo wa zamani. Mkopeshaji wa nje alikuwa ameshalipwa na Hazina kwa kodi za wananchi, wakiwemo wakulima wa Bukembe na Awendo waliokuwa bado wanadai malipo ya miwa yao.